Maziwa Kwenye Mapafu

Mimi ni mtu wa kushuku. Ninalisema mapema ili usije ukanishangaa huko mbele. Mume wangu, Faustin, hunitania kwamba hata salamu nikipewa huigeuza kwanza nione upande wa pili kuna nini. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, mtoto wa wakimbizi, na mtoto wa mkimbizi hufundishwa kutazama mlango kabla ya kuketi. Tuliporudi Rwanda tulipanga nyumba Mbugangari, hapa Gisenyi. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya tisini, ambapo jirani alikusalimu vizuri kisha akabaki akijiuliza juzi ulikuwa wapi, na wewe ukijiuliza hivyo hivyo juu yake. Ugonjwa ulinikuta katika hali hiyo.

Naandika kwa ajili ya yeyote aliyelala kitandani leo, ameambiwa picha yake ya kifua ina weupe, na ndugu zake wamesimama mlangoni wananong'ona. Udaktari siujui na sitajifanya. Nitasimulia tu tulivyoielewa ile picha, na yaliyotupata kwa kuielewa vile.

Kazi yangu ni cherehani. Mvua za masika zilikuwa hazijakatika nilipovuka mpaka wa Grande Barrière kwenda Goma, upande wa Kongo, kutafuta vitambaa, na kama kawaida yangu nikapitia Birere kwa wifi yangu, Zawadi. Huyu alikuwa mke wa kaka yangu. Kaka alifariki mwaka uliotangulia, akamwachia nyumba ya mbao juu ya yale mawe meusi ya volkano, pamoja na mtoto mmoja wa kike, Furaha, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno. Wazazi wetu walikwisha kufa zamani. Kwa damu yetu tulikuwa tumebaki mimi na huyo mtoto.

Siku hiyo Zawadi hakunikumbatia. Alininyooshea kidole kwenye kiti cha ndani kabisa.

“Karibu, wifi. Ikala pale.”

Yeye akakaa kizingitini, upindo wa kitenge ameushikilia puani. Furaha alinipandia mapajani, makamasi yanamtiririka, nikamfuta kwa leso yangu naye akacheka. Zawadi akamimina maziwa ya mgando kwenye kikombe, akakisukuma mezani kwa ncha za vidole, akarudi mlangoni kwake.

Kwetu Rwanda, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, ndipo akupe. Hakuna anayetamka kwamba ni kwa sababu ya sumu, wala hakuna asiyejua. Zawadi ni Mwislamu, mzaliwa wa Goma, lakini aliolewa kwetu na desturi hiyo aliishika vizuri. Miaka yote alikuwa anaonja, tena kwa madaha, anaacha masharubu ya maziwa juu ya mdomo ili kaka acheke. Siku ile hakuonja.

“We hunywi?” nilimuuliza.

“Kunywa tu, wifi. Mi nimechoka.”

Nikanywa. Kukataa maziwa kwa wifi yako ni matusi, na sikuwa na ujasiri huo. Lakini nililiona, na nilivuka mpaka nikirudi nyumbani huku nimelibeba moyoni.

Baada ya siku chache homa ilinishika. Mwili wote uliniuma kama nimetwangwa kinuni. Kikafuata kikohozi kikavu kisichotoa kitu, na baada ya hapo pumzi ikaanza kunikimbia. Kutoka kitandani hadi mlangoni nilikuwa napumzika njiani. Faustin, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa basi dogo linalokwenda Kanama, aliacha abiria wake wamwone wanavyomwona, akanipeleka hospitali.

Pale hospitali kuna benchi refu la mbao nje ya chumba cha daktari. Mmoja akiitwa, wote mnasogea. Nilikaa nikiwa nimeinama, maana kukaa wima kulinikata pumzi, na nilipokohoa mama mmoja aliyekuwa kando yangu alimvuta mtoto wake, akahamia mwisho wa benchi. Nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Leo naona kwamba kwenye benchi lile yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili.

Wakanipeleka kwenye picha. Fundi aliniambia nivue kila kitu cha chuma. Heleni nilivua, lakini medali yangu ya Bikira Maria niliisogeza ndani ya nguo nikanyamaza, kwa sababu sikumjua yule bwana wala familia yake. Kumbe mashine haifichwi kitu. Medali ilitokea katikati ya kifua, duara dogo jeupe pe, fundi akanigombeza sana. Mimi nilifurahi, maana angalau nilijua hawakunibadilishia picha.

Daktari aliniambia mapafu ya mtu mwenye afya huonekana meusi kwenye picha, kwa kuwa yamejaa hewa. Yangu yalikuwa na weupe pande zote mbili, umetanda toka chini hadi katikati, kama ukungu wa asubuhi kule Kanama. Daktari mmoja alisema kifua kikuu. Mwingine akasema nimonia ya kawaida, nikachomwa sindano mpaka nikashindwa kulalia ubavu. Makohozi machache niliyoweza kutoa wakayapima, kifua kikuu hakikuonekana. Sindano nazo hazikusaidia. Nikaanza kujiuliza kama kuna aliyekuwa anajua anachokifanya.

Hapo ndipo alipofika mama mkwe kutoka Kanama, na kikapu cha viazi kichwani. Faustin alikuwa amekwisha kumwambia habari za maziwa, maana usiku wa homa nilikuwa nayasema mwenyewe. Mama mkwe hakusalimia mtu. Alichomoa picha chini ya godoro, akaiinua dirishani.

“Yoo! Faustin, njoo uone! Ile maziwa iko humu.”

Walezi wa wagonjwa wengine wakasogea. Hospitalini hakuna siri, pazia lenyewe halikuwepo.

“Angalia, iko nyeupe,” mama mkwe aliendelea, akipitisha kidole juu ya mbavu zangu. “Maziwa muzuri inaenda mu tumbo. Hii iliingia mu mapafu, ikakaa. Na hii kitu ya katikati, hii ya muviringo, ndiyo sumu yenyewe.”

“Hiyo ni Bikira Maria,” nilimwambia, lakini sauti haikutoka.

Utacheka. Mimi sikucheka. Nilitazama ile picha na, nakuapia, niliyaona maziwa. Niliona kikombe, niliona ncha za vidole, nilimwona Zawadi kule mlangoni amejifunika uso. Mama mkwe akainama sikioni kwangu.

“We ukikufa, ile nyumba ya Goma inabakia ya nani?”

Mimi, dada wa marehemu, ndiye pekee niliyeweza kuidai nyumba ile. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia. Na jioni aliponiuliza kama ni kweli Zawadi hakuonja, nilimjibu kwamba ndiyo, hakuonja.

Daktari mwingine alikuja, kijana aliyesomea Kongo, akaitazama picha muda mrefu.

“Bon, mama. Hii si TB. Hii ni virusi, imeingia mu mapafu yote mbili.”

“Dawa yake?” Faustin aliuliza.

“Dawa ya kuiua hakuna. Tunamupa oksijeni, tunamupa maji, tunangoja. Mwili yake ndiyo itapigana. Nyumbani kwenu kuna mwengine anakohoa?”

“Hapana,” alisema Faustin, na nyumbani kwetu kweli hapakuwa na mwingine.

Elewa miaka hiyo ilikuwaje. Kirusi tulichokijua kilikuwa kimoja tu, kile cha SIDA, yaani UKIMWI, na kilikuwa hakina dawa. Daktari alipomaliza maneno yake nilimwona mama mkwe anakitenga kijiko changu. Walinipima damu. Daktari mwenyewe alikuja kuniambia kwamba sina, nikamshukuru, na sikumwamini.

Siku iliyofuata mama mkwe alikuja na mzee mwenye mfuko wa mkonge. Kazi ya mzee huyo ilikuwa kutapisha watu sumu. Aliingia saa ya kutazama wagonjwa kama mjomba yeyote, akatoa chupa yenye maji ya kijani kibichi.

“Kunywa yote,” alininong'oneza. “Utatapika mpaka ile maziwa itoke.”

Nilikuwa nimepungukiwa pumzi kiasi kwamba neno moja lilihitaji maandalizi. Lakini tabia haina likizo. Zawadi nilimshuku, sawa. Huyu mzee mwenye chupa nilimshuku zaidi.

“Onja kwanza,” nilimwambia.

“Hii dawa ni ya mugonjwa, si ya mutu muzima.”

“Onja.”

Hakuonja. Nikafumba mdomo, na mama mkwe aliponibembeleza nikaugeuza uso ukutani. Waliondoka wakisema nimelogwa hadi akili. Baadaye nilimhadithia daktari, akashika kichwa. Alisema katika hali ile, ningetapika, matapishi yangeweza kurudi kifuani nikafia pale pale. Kwa hiyo tabia yangu mbaya, anayoilaumu kila mtu, ndiyo iliyoniacha hai. Sijawahi kuacha kumkumbusha Faustin.

Majuma yaliyofuata siwezi kuyapanga vizuri. Nakumbuka mtungi wa oksijeni tuliogawana na bibi mmoja wa kitanda cha pili; walipompelekea yeye mpira wa kupumulia nilikuwa namhesabia pumzi zake kwa wivu. Nakumbuka kulala nimekaa, nimeegemea gunia la nguo. Nakumbuka nesi mmoja mnene, mkali wa maneno, aliyekuwa akinigeuza nilale kifudifudi na kunipangusa mgongo kwa maji ya uvuguvugu, na nikilala vile pumzi ilikuja kidogo. Yeye sikuwahi kumshuku, sijui kwa nini. Namshukuru mpaka kesho.

Nakumbuka pia kwamba Faustin alibadilika. Alikuwa akinong'ona na mama yake mlangoni, na nikifumbua macho wananyamaza. Asubuhi moja alikuja macho mekundu.

“Unanificha nini?” nilimuuliza.

“Hakuna kitu. Pona kwanza.”

Mtu akikuambia pona kwanza, ujue kuna la pili. Nikaamua kwamba ni majibu ya damu, kwamba daktari alinidanganya mimi na kumwambia yeye ukweli. Nililia nikiwa nimefumba macho ili asione.

Zawadi hakuja kunitazama hata mara moja. “Mulozi haendi kuangalia kazi yake,” mama mkwe alisema, na chumba kizima kiliitikia kwa kichwa.

Nilitoka hospitali kiangazi kimeingia, kule Kanama watu wanapura maharage. Sketi yangu ilikuwa inanizunguka kiunoni, upande wa mbele unakwenda nyuma. Nywele zilitoka kwa mafungu nikichana. Kucha zilikuwa na mstari katikati, kana kwamba mwili ulisimama kwanza kisha ukakumbuka kuendelea. Nilirudi kupigwa picha ya pili, safari hii bila medali, na ule ukungu ulikuwa umepanda na kuondoka. Vilibaki vijiuzi vichache tu huku chini. Daktari alifurahi kuliko mimi. Mama mkwe aliitazama naye, akatikisa kichwa.

“Maziwa imekauka,” alisema.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa kwenye cherehani bila kushona, maana mguu ulikuwa haujapata nguvu ya kukanyaga. Faustin alikuwepo. Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nikasikia ameinuka ghafla, ungo ukaanguka.

“We, rudi kwenu! Ulikuja kumalizia?”

Zawadi alikuwa ameegemea nguzo ya mlango. Kama si sauti nisingemjua. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo inahesabika, na alihema kwa mdomo wazi kwa kutembea tu kutoka barabarani. Hakubishana na mama mkwe. Alitoa bahasha kubwa chini ya kitenge, akachomoa picha, akaiinua juani.

Niliitambua kabla hajasema. Weupe pande mbili, toka chini hadi katikati, mzito kuliko wangu.

“Hii ni kifua yangu,” alisema, akipumzika katikati ya maneno. “Nililala ku hospitali wakati moja na wifi. Basi muniambie. Mi nilikunywa maziwa ya nani?”

Maharage yalikuwa bado yanaviringika sakafuni.

“Picha mutu anaweza kuazima,” mama mkwe alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Mimi nilikuwa na swali moja tu, na nililiuliza. “Kwa nini hukuonja, Zawadi?”

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

“Nilikuwa na homa. Kifua ilikuwa inawaka. Ningeweka kinywa yangu mu kikombe yako?”

“Si ungeniambia!”

“Mi mujane, wifi. Mujane akikohoa, watu wa Goma wanasema nini? Wanasema bwana yake alimuachia ugonjwa. Nikanyamaza. Nikakaa mbali na we, nikasema inatosha.”

Kila nilichokiweka moyoni siku ile, kiti cha ndani, kitenge puani, ncha za vidole, kilikuwa ni mtu anayejitahidi nisiambukizwe. Nami nilikuwa nimempakata mtoto anayetoka makamasi na kumfuta kwa leso. Ndipo nikamkumbuka.

“Furaha umemwacha na nani?”

Zawadi hakunitazama mimi. Alimtazama Faustin.

“Hamukumwambia?”

Faustin aliinamisha kichwa, na mwili wangu ukajua kabla ya masikio.

“Alianza kuhema mi mwenyewe sisimami,” Zawadi alisema. “Jirani walimukimbiza hospitali. Ilikuwa imekwisha. Nilituma mutu huku mara ya kwanza, nikatuma tena, shangazi yake ajue. Wakamurudisha. Wakasema mulozi asitume habari ku mugonjwa. Basi jirani ndio walimuzika.”

“Daktari alisema usishtuliwe,” Faustin alisema. “Ungekufa.”

Maisha yangu yote nimeshuku, na mara nyingi nimekosea. Kwamba mume wangu ananificha jambo, hilo nililipatia sawasawa, na ningetoa kila nilicho nacho ili niwe nilikosea. Nilipiga kelele ambayo sikujua mapafu yangu yanaweza kuitoa tena. Mtoto wa kaka yangu, wa mwisho wetu, alizikwa na watu wa mtaani, na sisi tulikuwa hospitalini tunaonyeshana maziwa dirishani.

Mama mkwe alisimama kando, akaacha mlango wazi. Machozi yalikuwa yanamtoka.

“Ingia, mwana wanjye,” alimwambia, akimwita mwanangu kwa Kinyarwanda.

Zawadi alirudisha picha kwenye bahasha taratibu, isikunjike.

“Hapana, mama. Sikuja kuingia. Nilikuja mumuone mulozi wenu.”

Akaondoka. Nilimtazama akifika kwenye ua wa jirani, akaushika, akapumua, akaenda tena.

Wewe unayesoma ukiwa na picha yako chini ya godoro, nina machache ya kukuambia. Weupe ule ulikuwa ugonjwa tu. Mwulize daktari, na asipokuwa na uhakika mwache aseme hana uhakika. Wangu walikosea wakarekebisha, ndiyo maana nipo. Usinywe chupa ya mtu asiyeonja. Na kabla ya kutafuta aliyekufanyia, tafuta nani mwingine anakohoa, umpelekee mtu wa kumtazama, na uji.

Faustin ilinichukua muda mrefu kumwangalia usoni. Tunaishi. Mama mkwe hataji tena sumu mbele yangu, ingawa sijui anasema nini akiwa Kanama.

Zawadi hakupona kama mimi. Picha zetu zilifanana, lakini yake ilibaki na makovu, na daktari wa Goma alimwambia makovu hayo hayataondoka. Nilianza kwenda Birere. Mara ya kwanza hakunifungulia, nikarudi. Mara ya pili alinisikiliza kupitia dirishani. Ananishuku, na ni haki yake, wala sikumwomba aache. Niliendelea kwenda, mpaka siku moja mvua zilipokuwa zimerudi, alitoka amejitanda kitenge, akafunga mlango nyuma yake, akaanza kutembea. Nilielewa anakwenda makaburini kwa Furaha, nikamfuata.

Si mbali, lakini njia inapanda juu ya mawe. Hakunifukuza. Kila baada ya hatua chache alisimama kutafuta pumzi, mkono kifuani, na kila aliposimama nami nilisimama nyuma yake. Mimi sikuwa nimechoka.